Pembe za fremu zinapoachana: jibu kwa seremala wa Wete

Swali: "Assalaam alaykum, fundi. Mimi ni seremala kijana wa Wete, Pemba. Tangu mwaka jana ninatengeneza fremu za mbao kwa ajili ya mchoraji mmoja ambaye kazi zake zinauzwa Unguja. Nyingine ni picha za rangi kwenye kanvasi, nyingine ni michoro ya wino kwenye karatasi. Ninakata pembe kwa digrii 45, ninatia gundi nyeupe na misumari miwili kila pembe. Zikiondoka karakana zinapendeza, lakini baada ya miezi michache pembe zinaachana, na hadi sasa nimerudishiwa fremu saba. Tena chini ya kioo cha baadhi ya michoro kumeota madoa ya ukungu. Mbao ninazotumia ni za mwembe na mfenesi, kwa kuwa ndizo ninazozipata. Je, kosa ni la mbao, la gundi au la mkono wangu? Na hizo saba nizifanyeje?"

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Nadhani kosa si la gundi, na huenda si la mkono wako pia, ingawa mkono nao tutaufikia. Kwanza zipange hizo fremu saba juu ya meza uangalie jambo moja ambalo hukulitaja: pengo limefunguka upande wa ndani, karibu na picha, au limefunguka upande wa nje, kwenye ncha ya pembe? Tofauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha ugonjwa ni upi.

Mbao haibadiliki urefu kwa kiasi cha kuhesabika. Inayobadilika ni upana na unene wake, kwa sababu unyevu huingia na kutoka baina ya nyuzi zake kila hewa inapogeuka. Fremu iliyokatwa kwa digrii 45 ni vipande vinne vinavyokutana kwa mshazari. Mbao ikisinyaa upana huku urefu ukibaki vilevile, mshazari ule hupungua digrii, na vipande viwili vinavyogusana kwenye ncha ya nje huacha nafasi upande wa ndani. Mbao ikivimba, mambo hugeuka: sehemu za ndani husukumana na ncha ya nje ndiyo inayoachama. Kwa hiyo pengo la ndani ni ushahidi kwamba mbao ilikauka baada ya wewe kuiunga, yaani uliiunga ikiwa na maji mengi kuliko mahali ilipokwenda kukaa. Na pengo la nje ni ushahidi kwamba uliiunga kavu, kisha ikanywa unyevu. Pengo lililo sawa kuanzia ndani hadi nje ndilo la kuilaumu gundi. Ikiwa pembe tatu zimebana na ya nne peke yake imeachama, hapo uuangalie msumeno wako.

Kwa kuwa unatumia mwembe na mfenesi, miti ambayo kwetu hukatwa shambani na kupasuliwa papo hapo, na kwa kuwa picha zinauzwa Unguja ambako maduka na mahoteli mengi yana viyoyozi, nakisia kwamba mapengo yako ni ya ndani.

Hewa ya visiwa vyetu hukaa na unyevu wa karibu asilimia 80 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na Pemba hupata mvua nyingi zaidi kuliko Unguja. Mbao iliyoachwa chini ya paa katika hewa kama hiyo, hata ikae miaka kumi, hubaki na maji ya takriban asilimia 15 au 16 ya uzito wake mkavu. Hicho ndicho kikomo cha hewa yetu. Chumba chenye kiyoyozi kitaishusha chini ya hapo, na nyumba ya Ulaya inayopashwa moto wakati wa baridi huweza kuifikisha asilimia 6 au 8. Chukua mtiki, ambao ni miongoni mwa mbao tulivu kabisa. Kipande cha upana wa sentimita 5, kilichopasuliwa kwa ubapa, kikitoka asilimia 16 hadi 7 hupoteza karibu milimita 0.8 ya upana wake, na hiyo tu inatosha kufungua pengo la zaidi ya milimita 1 ndani ya kila pembe. Fremu ya upana wa sentimita 10 hupata pengo mara mbili ya hilo. Sasa mbao ya mwembe iliyopasuliwa mwezi uliopita, ambayo bado ina maji ya asilimia 30 au zaidi, unaitarajia itulie vipi?

Hili nimejifunza kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilimtengenezea mgeni mmoja fremu ya mninga yenye upana wa sentimita 12, nikaichonga nyororo, yaani nakshi ya mnyororo, kuzunguka pande zote nne, nikaiunga kwa mshazari na kujisifu kwamba hata unywele haupiti. Akaichukua kwao, Ulaya ya kaskazini. Ilipofika Februari akaniletea picha aliyoipiga karibu kabisa na pembe: ungeweza kupenyeza sarafu. Mbao ilikuwa nzuri na gundi haikuwa na kasoro, lakini nyororo zangu zilikuwa zimekatika katika pembe zote nne. Tangu siku hiyo sikuunga tena fremu pana kwa mshazari mtupu, na nitakueleza ninachofanya badala yake.

Lakini tuanze na kukausha, kwa sababu hakuna kiungo kitakachokuokoa na mbao mbichi. Pasua mbao ikiwa nene kuliko unavyoihitaji. Ukitaka milimita 25 baada ya randa, pasua 30. Paka rangi yoyote iliyobaki kwenye vichwa vya mbao siku ileile, maana maji hukimbia haraka kupitia vichwani na ndiko nyufa zinakoanzia. Zipange chini ya paa, mbali na ardhi, ukiweka vijiti vya unene ulio sawa baina ya safu na safu, kila baada ya sentimita 40 au 50, na kila kijiti kikae juu ya mwenzake, la sivyo mbao zitapinda kufuata mpangilio wako mbaya. Wazee hukisia mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mimi huiamini mizani kuliko kalenda: chagua mbao moja, ipime uzito kwenye mizani ya duka la jirani, uandike kwa penseli uzito na tarehe juu ya mbao yenyewe, kisha urudie kila wiki. Uzito unapokataa kushuka kwa wiki tatu au nne mfululizo, mbao hiyo imekubaliana na hewa ya hapo ilipo.

Hata hivyo, imekubaliana na hewa ya Wete, si ya hoteli yenye kiyoyozi. Ukijua kazi inakwenda kwenye chumba kikavu, ishushe zaidi kabla ya kuiunga. Kibanda kidogo cha fito kilichofunikwa nailoni angavu, kikakaa juani na kuachwa tundu chini na tundu juu ili hewa yenye maji itoke, hufanya kazi nzuri wakati wa kaskazi. Ukishachana vipande karibu na kipimo chake, viache ndani wiki mbili nyingine kabla ya kuvipiga randa ya mwisho, kwa kuwa mbao iliyokatwa upya hujinyoosha na kujipinda tena. Na katika masika usiunge pembe isipokuwa umelazimika. Mimi mwenyewe mwezi wa Aprili hupiga randa, huchonga na kunoa vyombo, kisha viungo huvisubirisha hadi mvua ipite.

Kuhusu miti uliyonayo, usiudharau mfenesi. Mafundi wa milango ya Zanzibar waliutumia pamoja na mtiki na mninga, na sababu ilikuwa zaidi ya ukosefu wa mbao nyingine. Kiini chake hustahimili mchwa, hukubali patasi bila kumeguka ovyo, na ile manjano yake ya mwanzo hugeuka taratibu kuwa hudhurungi ya kupendeza, hivi kwamba mteja anayechagua kwa rangi ya leo inafaa umwambie rangi ya mwakani. Chukua kiini, uache mbao nyeupe ya pembezoni.

Mwembe ni habari nyingine. Una michirizi mizuri, unapatikana kwa bei nafuu, na kwa fremu ndogo unafaa. Lakini mbao yake changa ina wanga mwingi, na bungua, wale wadudu watoboao mbao, huufuata wanga huo kama nzi wanavyofuata embe lenyewe. Ukichelewa kuupasua baada ya kuukata huingia madoa ya kijivu ambayo hayatoki kwa msasa. Ukiutumia, upasue mapema, uuloweke kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki ungali mbichi, kisha ndipo uukaushe. Kwa kazi ya mchoraji ambayo mtu atalipia fedha ya maana, mimi singeutumia.

Mtiki unaofika kwetu kutoka bara, ambako unapandwa katika mashamba kama ya Longuza huko Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, ni mbao tulivu yenye mafuta ya asili. Mafuta hayo huizuia gundi, kwa hiyo pangusa nyuso za kiungo kwa asetoni dakika chache kabla ya kutia gundi. Mninga ndio ninaoupenda kuliko yote kwa fremu, maana husinyaa kidogo sana, ila vumbi lake huwasha pua na kifua, na bei yake inapanda. Ununue kwa muuzaji mwenye karatasi halali. Msonobari wa Mufindi uuweke kwa mbao za kutandia kanvasi, kazi inayotaka wepesi kuliko uzuri. Mpingo ni mzito mno kwa fremu nzima, kwani mbao yake huzama majini, lakini vipande vidogo vilivyobaki kwa wachongaji vitakufaa hapo mbele.

Sasa mkono. Fremu ina mikato minane. Kila mkato ukikosea nusu digrii tu, na makosa yote yakaelekea upande mmoja, pembe tatu zitabana na ya nne itaachama kwa digrii 4, ambayo kwa mbao ya sentimita 5 ni pengo la karibu milimita 5. Ndiyo maana fundi anaweza kuapa kwamba anakata sawasawa na bado fremu ikamkataa. Usikipime kisanduku chako cha kukatia kwa jicho. Kata vipande viwili vya mbao isiyo na kazi, viunganishe, uvijaribu kwa pembemraba. Mwanga ukipita, rekebisha kisanduku kabla hujagusa mbao nzuri. Kisha usiache uso kama ulivyotoka msumenoni: tengeneza ubao wa kurandia wenye kizuizi cha digrii 45, ulaze kipande juu yake, uupitishe wembe wa randa uliokwisha kunolewa vizuri kwenye uso wa mkato hadi utoe utepe mwembamba wa maranda usiokatika. Jambo jingine ambalo wengi hulipuuza ni kwamba pande mbili zinazotazamana lazima ziwe na urefu mmoja hasa. Zisimamishe bega kwa bega juu ya meza, upitishe kidole kwenye vichwa vyake. Kidole huhisi tofauti ambayo futi kamba haiioni.

Urefu wa kukata unapatikana hivi. Chukua kipimo cha picha, ongeza milimita 3 za nafasi ya kupumua, kisha ongeza mara mbili ya upana wa mbao baada ya kuondoa ile ngazi ya ndani inayoshika kioo. Picha ya sentimita 40 kwa 60, mbao ya milimita 50 na ngazi ya milimita 6: upande mrefu ni 600 na 3 na 88, jumla milimita 691 kwa nje, na upande mfupi ni 491. Jumla ya pande nne ni milimita 2,364, nawe utenge kama mita 2.6 kwa ajili ya mikato na makosa. Nafasi ya milimita 3 usiibane eti fremu ikae imara. Karatasi na hadibodi nazo huvimba, na zikikosa pa kwenda huinuka katikati.

Misumari miwili na gundi, mwanangu, havitoshi. Katika mshazari, vichwa vya nyuzi za mbao hutazamana, na vichwa hivyo hunywa gundi kama utambi unavyonywa mafuta, hata ukifunga kiungo hakibaki kitu katikati. Paka kwanza gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji kidogo, ngoja dakika tano hadi kumi inywe, kisha paka gundi nzito na ufunge. Kufunga hakuhitaji chombo cha gharama: vipande vinne vya mbao vilivyokatwa kama herufi L, kimoja kwenye kila pembe, kamba ya katani kuzunguka mara mbili, na kijiti cha kuisokota kamba mpaka iimbe. Kabla gundi haijashika, pima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe, mishazari yote miwili. Ikiwa haiko sawa, sukuma ule mrefu. Iache siku nzima, na wakati wa mvua siku mbili.

Baada ya hapo ndipo utie ulimi. Kwa msumeno mwembamba, chana mfereji unaokata pembe ya nje kwa kina, ukipita vipande vyote viwili, kisha ingiza kipande chembamba cha mbao ngumu chenye gundi, nyuzi zake zikiwa zinavuka ule mstari wa kiungo badala ya kuufuata. Hapa ndipo mpingo wako mdogo unapofaa: ulimi mweusi katika mfenesi wa manjano ni nguvu na pambo kwa pamoja, na mteja hudhani ulikusudia pambo tu. Tia ndimi mbili kwa fremu ya unene wa kawaida. Mbao bado itacheza, maana hakuna awezaye kuizuia, lakini pembe haitaachana na picha haitaanguka.

Kwa fremu inayozidi upana wa sentimita 7, acha mshazari kabisa. Nenda ukasimame mbele ya mlango wowote wa zamani wa Mji Mkongwe uangalie pembe zake za juu. Katika milango mingi kizingiti kimelala, miimo imesimama, na vimeshikana kwa ulimi na tundu. Mbao inapanuka na kusinyaa kila mwaka, lakini kiungo cha mraba hakina mshazari wa kuharibika, kwa hiyo kinachoonekana ni mstari mwembamba unaohama kidogo bila kuachama. Milango hiyo imekaa kwenye mvua na jua kwa zaidi ya miaka mia moja, nasi bado tunatafuta mafunzo ya viungo kwingine. Fremu pana iunge kama mlango mdogo: pande za juu na chini ziwe vizingiti, za kushoto na kulia ziwe miimo, ulimi uwe na unene wa theluthi moja ya mbao, na vijiti viwili vya mbao ngumu vipigwe kuvuka kila ulimi. Ukitaka kuchonga, usiuvushe mchoro mmoja mrefu pembeni kama nilivyofanya mimi. Mchongaji wa mlango anajua kuimaliza nyororo kwenye mwimo na kuanza jambo jingine kwenye kizingiti. Nawe weka ua au yungiyungi kwenye pembe, lijitegemee, ili mstari wa kiungo upotee ndani ya kivuli cha petali.

Juu ya kupaka sitakaa sana. Mafuta ya nazi usiyatumie, hayakauki kamwe. Hubaki na utelezi, hukusanya vumbi na kulisha ukungu. Sifa, yale mafuta ya samaki yenye harufu kali, waachie wenye majahazi, labda mchoraji wako awe anachora samaki tu. Mafuta ya kitani mikono mitatu myembamba, kisha nta ya nyuki, hutosha kwa mfenesi na mninga. Vitambaa ulivyopakia vitandaze nje vikauke au vizamishe majini, kwa sababu vikirundikwa huweza kujiwasha moto vyenyewe. Paka nyuma na ndani ya ngazi pia. Upande usiopakwa hunywa unyevu haraka kuliko uliopakwa, na fremu hupinda kama kigae.

Ukungu sasa, na hapa nakuomba uwe makini zaidi kuliko kwenye pembe, kwa maana fremu ikiachana hutengenezwa, lakini mchoro wa wino ulioota madoa haurudi. Ukungu huanza kustawi unyevu wa hewa unapodumu juu ya asilimia 65 hadi 70, na kwetu hiyo ni siku ya kawaida. Kwa hiyo hatuwezi kuuondoa. Tunachoweza ni kutoupa makazi. Kosa la kwanza ni kioo kugusa karatasi. Usiku kioo hupoa, unyevu hutua juu yake, na karatasi iliyobanwa hapo hulowa bila kuonekana. Weka kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, iliyo mbele ya mchoro, ili pawe na nafasi ya milimita 2 au 3. Mchoro ukitakiwa uonekane mpaka ukingoni, ficha vijiti vyembamba ndani ya ngazi vikitenge kioo na karatasi. Kadi hiyo na ile ya nyuma ziwe zisizo na asidi, kwani kadi ya maboksi ya dukani hugeuka rangi na kuchoma karatasi kwa mstari wa kahawia kuzunguka dirisha.

Mchoro usiubandike wote. Uning'inize juu tu, kwa vipande viwili vidogo vya karatasi nyembamba na imara vilivyopakwa uji wa wanga wa ngano, ili siku ikihitajika maji kidogo yavitoe. Selotepu isiingie karakana yako. Uji wenyewe upake kidogo, maana mende huupenda, na sehemu kavu iliyobaki wazi wataitafuna pamoja na ukingo wa karatasi.

Kosa la pili liko ukutani. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo huvuta maji kutoka chini na kutokwa na chumvi. Fremu iliyobana ukuta kama huo ni sawa na kuilaza juu ya mchanga wa pwani uliolowa. Bandika vizibo au vipande vya mpira vya unene wa angalau milimita 5 kwenye pembe mbili za chini, nyuma, ili hewa ipite. Na mwambie mchoraji awaambie wateja wake wasitundike karatasi kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala jirani na bafu. Pete na skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Msumari wa kawaida hulika kwa hewa ya bahari, tena mbao zenye tanini huacha doa jeusi kuuzunguka.

Picha za kanvasi hazihitaji kioo. Zitandaze kwenye mbao zenye kabari za pembeni, ambazo hugongwa taratibu kanvasi inapolegea, na uziweke ndani ya fremu kwa vibanio vya bati vilivyopindwa badala ya misumari inayopenya mbao zote mbili. Iwapo mchoraji anatumia rangi za mafuta za kung'aa, zile ambazo Edward Saidi Tingatinga alianza kuchorea juu ya hadibodi Dar es Salaam na ambazo sasa zimejaa vibandani kote Unguja, subiri kwa wiki kadhaa kabla ya kuifremu. Katika joto letu rangi hiyo hubaki laini muda mrefu kuliko inavyoonekana, na chochote kitakachoigusa kitaganda nayo.

Hizo saba basi. Kabla ya lolote, toa picha zote, ukianza na zenye ukungu, uziache zikauke mahali penye hewa na kivuli. Madoa usiyafute kwa kitambaa kibichi, yatasambaa. Fremu zenyewe usizitie gundi leo. Ziweke ndani wiki tatu au nne zimalize kusinyaa. Kisha, kwa kila pembe iliyofunguka upande wa ndani, ng'oa misumari, funga fremu kwa ile kamba mpaka ncha za nje zigusane, upitishe msumeno mwembamba katikati ya pengo kuanzia ndani hadi nje. Msumeno hula pande zote mbili kwa kadiri moja, na ukimaliza nyuso mbili zitakuwa sambamba hata kama si digrii 45 tena. Zifunge upya kwa gundi mara mbili kama nilivyoeleza, kisha tia ndimi. Fremu itapungua milimita moja au mbili, na ukiwa uliacha nafasi ya kupumua, picha itaingia.

Za mwembe zikague kwanza kwa kuzigonga juu ya karatasi nyeupe. Zikidondosha unga laini, bungua wamo, na hizo usizirekebishe wala usizihifadhi karibu na mbao zako nyingine: choma mbao, hifadhi kioo, na umtengenezee mchoraji fremu mpya za mfenesi kwa gharama yako.